Mama Mkwe wa Mstari wa Mbele

Juzi nilienda kwa mazishi hapa Kianjai, nikapewa kiti cha plastiki chenye mguu mgonjwa, nikatulia kama mtu mzima. Kijana mmoja wa suti akapokea maiki, akaipuliza, akaigonga, akasema, "Myself, my names are..." Hayo majina sikuyasikia. Nilikuwa tayari nimeinua bakora, na kama mpwa wangu hangenishika mkono, ningeenda kumpokonya hiyo maiki marehemu akiwa hapo hapo.

Msinicheke. Nimefundisha Kiingereza kutoka nilipokuwa msichana mwenye meno yote mpaka siku waliponipa saa ya ukutani na kuniambia nikapumzike. Miaka yote hiyo hakuna neno lililonitoa jasho kama hilo "myself" na ndugu zake. Nyinyi vijana mmelifanya pilipili, kila chakula mnanyunyiza. "Myself I think." "John and myself." "Kindly inform myself." Ai! Nani aliwaambia kwamba mtu akisema "me" amepunguziwa cheo?

Ketini hapo niwaeleze, na simu mziweke mfukoni.

Kiswahili kina huruma. Kile "ji" kimoja kinahudumia kijiji kizima: najiosha, unajiosha, wanajiosha. Kimeru chetu nacho ni hivyo hivyo. Lakini Mwingereza ni mchoyo. Kwake kila mtu ana lake kama mswaki, myself, yourself, himself, herself, na la jirani huliazimi. Wakiwa wengi anawabadilishia mkia: ourselves, yourselves, themselves. "Hisself" hakuna. "Theirselves" hakuna, hata mkimsikia mheshimiwa akilisema mbele ya kanisa.

Aliyenifundisha ualimu ni mzee mmoja mfupi wa huku kwetu Tigania, Mwalimu M'Ikiara, mtu wa maneno machache na ugoro mwingi. Aliniambia, "Kagendo, usimweleze mtu kitendo ambacho anaweza kukitenda." Alikuwa na kioo kidogo alichonunua kwa duka la Mwislamu mmoja pale Meru mjini. Anakileta mbele ya pua yako. "Umejikata na panga. Aliyekata ni nani?" Mimi. "Aliyekatwa? Angalia kwa kioo." Mimi vilevile. "Basi sema myself. Ukiona mtu mwingine humo ndani, funga mdomo." Nimesoma vitabu vingi vya sarufi tangu hapo na sijaona kilichoshinda kile kioo. Jina lako hukujipa, ulipewa, kwa hiyo huyo wa suti alikuwa anajitafuta kwa kioo ambacho hayumo.

Nilipopangiwa kazi, M'Ikiara alinifungia kile kioo kwa kitambaa akanipa. Nikatupwa upande wa Embu, mimi Mtigania nisiyejua mtu huko. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Nyinyi mnaisoma kwa mtihani, sisi tuliilala na kuiamkia. Watu walitolewa kwenye migongo ya milima walikozaliwa, nyumba zao zikachomwa, wakarundikwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na vijiti vilivyochongwa, ili wasiwapelekee chakula vijana waliokuwa msituni wakipigania uhuru. Asubuhi ni filimbi, mnakwenda kuchimba matuta. Jioni ni kafyu, hakuna kutoka nje. Katikati hapo, saa za alasiri, ndipo mimi nilipopewa darasa.

Darasa lenyewe lilikuwa wazo la afisa wa tarafa, mzungu tuliyemwita Bwana Diio. Alikuwa ameamua kwamba wakalimani wote ni waongo. Alitaka mahedimani, wale wakuu wa vijiji, na mahomgadi, wale askari wa kijiji, waseme naye ana kwa ana kwa Kiingereza. Akaongeza na kina mama wachache, kwa sababu kulikuwa na wageni waliopenda kupiga picha za kina mama wakisoma.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilisimama mbele ya wazee, mimi msichana wa juzi, nikaagiza kwa sauti kubwa, "Wash yourself!" halafu nikawafafanulia maana yake. Mzee mmoja akachukua fimbo yake, akatoka, akasema mlangoni, "Kasichana ka Meru kameniambia ninanuka." Ilibidi nimpelekee ugoro ndio arudi. Tangu siku hiyo, ukinipa watu wazima, naanza na "I". I wash myself, I dress myself. Kila mtu aoshe mwili wake, mimi simo. Shikeni hiyo nyinyi mnaotaka ualimu, haimo kwenye kitabu chochote.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hawa watu, ambao hawakujua mkate unaitwaje kwa Kiingereza, "yourselves" walikuwa nayo kichwani imekaa. Walifundishwa na serikali. Bwana Diio akileta majembe: "Help yourselves!" maana yake mchimbe matuta bila malipo. Akiondoka: "Behave yourselves!" Ndege ikipita juu ya msitu, inamwaga karatasi za kuwaambia vijana "give yourselves up". Nyumba ikichomwa: "You have only yourselves to blame." Nilipowauliza kama wanajua "ourselves", wakatazamana. Hiyo ilikuwa haijaletwa.

Sasa niwaambie habari za Nyaga.

Nyaga alikuwa hedimani wa kijiji. Mtu mnene, kofia nyekundu, kiboko cha ngozi ya kifaru, na sauti ambayo ikitoka upande huu wa kijiji kuku wa upande ule wanaingia ndani. Watu walimwogopa kuliko mzungu, maana mzungu alikuwa akija na kurudi, lakini Nyaga alilala hapo hapo. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemtoa mbio, naye alikuwa mjane mwembamba kama ufito, jina lake Ciarunji, mama mzazi wa Wanja, mke wa Nyaga.

Mnajua nthoni? Hamjui, nyinyi mnakula nyama choma na mama wakwe zenu sahani moja. Nthoni ni aibu ya heshima. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Neno likiwapo, linapitia kwa mtu wa tatu. Kuimaliza nthoni kuna sherehe yake na mbuzi wake, na mbuzi huyo ni lazima mama akubali kumpokea. Zamani haikuwa taabu, kwa sababu Ciarunji alikaa ng'ambo ya mito miwili. Lakini serikali ilipopanga kijiji kwa kamba haikuuliza nani ni mkwe wa nani. Mlango wa Ciarunji ukatazamana na mlango wa Nyaga.

Haki ya Mungu, nimemwona yule mtu akitoka nyumbani kwake kinyumenyume, kofia nyekundu kichwani na kiboko kwapani, anapapasa njia kwa visigino. Na Ciarunji alipenda sana kukaa mlangoni akichambua maharagwe.

Kisha wote wawili wakawa wanafunzi wangu. Ciarunji alifika kwanza, akashika benchi la mbele. Nyaga alifika, akachungulia, akaruka nje kama aliyeona nyoka. Nikatuma mtu amwombe mama asogee, naye akajibu, "Mwambie mwalimu nimechimba tuta tangu asubuhi. Mkwe akitaka kusoma, ukuta una nyufa." Basi Nyaga akasoma Kiingereza chote akiwa nje, chini ya nyasi za paa, mgongo ukutani. Mvua ikinyesha anajifunika gunia. Mimi nauliza ndani, na jibu linatoka ukutani: "I WASH MYSELF!"

"Huyo anajiosha kweli," Ciarunji anasema kwa Kiembu, akitazama mvua. Darasa linainama kucheka kwa siri, maana kiboko kipo hapo nje na chenyewe kinasikia.

Ciarunji alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Alikitaka kile kioo kila siku. Anajitazama, anasema taratibu, "I see myself," halafu anaongeza kwa lugha yake, "na nimezeeka." Nilimpenda, na siwafichi. Nilikuwa mbali na mama yangu, na yeye alikuwa ananiwekea ndizi ya kuchoma kwenye aproni.

Halafu ikaja siku ya sufuria.

Mahomgadi waliikuta asubuhi kwenye majani ng'ambo ya handaki, imefunikwa kwa jani la mgomba, bado ina uvuguvugu. Chakula cha watu wa msituni. Kwa kosa hilo mtu alipelekwa kizuizini, hajulikani atarudi lini, na nyumba inachomwa. Bwana Diio akaja na lori. Tukapangwa wote uwanjani, sufuria ikawekwa katikati, ikafunuliwa.

Ilikuwa ni githeri, mahindi na maharagwe. Lakini wajukuu wangu, githeri yenye mafuta! Mafuta ya nyama, yamegandia juu, meupe. Kijiji kizima kilikuwa hakijaonja mafuta tangu tulipozungushiwa handaki. Tulikula mahindi kwa maji na chumvi ya kuombana. Nyumba iliyokuwa na mafuta ilikuwa moja tu, ya hedimani. Harufu ilipotupita puani, kila mtu akajua, na kila mtu akaangalia miguu yake. Wanja alikuwa amempikia kaka yake aliyekuwa msituni. Alisimama pale na mtoto mgongoni. Aliyekuwa hana habari uwanjani ni mmoja tu, Bwana Diio, naye ndiye aliyekuwa jaji.

Bwana Diio akasema hataki mkalimani. Hedimani atauliza mwenyewe, kwa Kiingereza chake kipya. Nyaga alikuwa amevimba shingo. Alijua mafuta ni yake. Wanja akishikwa, kofia nyekundu inaondoka, na pengine yeye mwenyewe anapanda lori lile lile. Akaanza mwisho wa mstari, "Did you cook? Did you cook?" akisogea pole pole kama mtu anayeenda mtoni kunapo mamba.

Kabla hajafika kwa mkewe, Ciarunji akatoka mstarini.

Akajifunika shuka usoni, kwa heshima ya mkwe, akasimama karibu na sufuria. Nyaga papo hapo akageuka akampa mgongo. Mzungu akapiga kelele, "Face her, man!" Nyaga akabaki vilevile, anaangalia mlima. Mama yule akasema kutoka ndani ya shuka, kwa Kiingereza nilichomfundisha mimi, neno moja baada ya lingine kama mtu anayepanda maharagwe:

"I cooked it myself. I carried it myself. My daughter did not help me."

Bwana Diio alikodoa macho. Alifurahi, haki alifurahi! Akauliza, "Who taught this woman?" Mahomgadi wakanisukuma mbele. Akanipa mkono mbele ya watu wote, akaniambia huo ni ushahidi kwamba elimu ya watu wazima inafaa. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza niliyowahi kupata kazini. Kisha akamwuliza hedimani kama ana la kusema.

Neno moja lingetosha. Alikuwa nalo la Kiingereza, la Kiswahili na la Kiembu. Angeweza hata kusema "mafuta". Nyaga alivuta pumzi, mgongo umetugeukia, akasema kwamba yeye, kwa desturi ya watu wake, hawezi kusema lolote mbele ya mama mkwe wake. Nthoni hairuhusu.

Nikaambiwa nitafsiri hiyo. Bwana Diio aligusa kofia yake, akasema anaheshimu sana mila za wenyeji. Wakampakia Ciarunji. Alipopita kando yangu alinishika kidole. Nyaga alimheshimu mama mkwe wake kiasi kwamba hakumtazama hata lori lilipoondoka. Mimi nilikwenda darasani nikakaa kwenye benchi la mbele, nikalia mpaka filimbi ya kafyu.

Miaka ikapita. Handaki likafukiwa, watu wakarudi kwenye migongo yao ya milima, bendera ikabadilishwa, na "ourselves" ikaingia nchini kwa gwaride. Mimi niliendelea kufundisha huko huko Embu. Ciarunji alirudi kutoka kizuizini amekosa meno ya mbele na anachechemea, lakini kichwa kizima. Nilimpeleka ndizi ya kuchoma.

Na Nyaga? Msidhani alijificha. Alivua kofia nyekundu, akavaa tai. Akaanza kuzunguka kwenye mabaraza akigombea udiwani. Na sasa habari ya sufuria aliikumbuka vizuri sana. Alisimama juu ya meza, akashika kifua: "Sisi tuliolisha wapiganaji! Mimi, kutoka jikoni kwangu, chakula chenye mafuta! We freed ourselves!" Watu waliojua waliangalia miguu yao, maana ndiyo mazoea. Wasiojua walipiga makofi. Alikuwa anaelekea kushinda, kila mtu alisema hivyo.

Baraza la pili nilikuwapo. Nyaga amefika tu kwenye "mimi", tukaona watu wanapisha njia. Ciarunji alikuja akichechemea, na kigoda chake mkononi. Akapita katikati ya wote, akakiweka chini mbele ya meza, mbele kabisa, karibu kiasi kwamba angeweza kumshika viatu. Akaketi. Shuka hakujifunika. Akakunja mikono, akainua uso, akamtazama.

Nyaga akageuka. Si kwamba alitaka, mwili wenyewe uligeuka, mbele ya halaiki ya watu. Akajaribu kuhutubu akiwa ameupa mkutano mgongo. "Watu wangu," akaviambia vichaka. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Huyo anaongea na nani?" Kicheko kikaanza pole pole, kikaenea. Nyaga akashuka mezani kinyumenyume, anapapasa kwa visigino, kama zamani.

Baraza lililofuata akalipeleka mbali, kwenye soko jingine. Ciarunji akapanda gari la mizigo, akafika kabla ya mgombea. Na jingine. Hakuna siku alimtaja kwa ubaya. Hakufungua mdomo. Alikuja tu na kigoda chake. Udiwani ukaenda kwa mtu mwingine.

Ndipo Nyaga akatuma wazee na mbuzi wa kumaliza nthoni. Mimi nilikuwa pale kwa Ciarunji siku hiyo, namshikia uzi akisuka kikapu. Wazee wakasalimu, wakazunguka maneno kama kawaida yao, wakafika kwa mbuzi. Beberu mnono, anang'aa. Ciarunji akamwita karibu, akambonyeza mbavu, akanusa kiganja.

"Mwambieni mkwe wangu nimemwona mbuzi," akasema. "Ana mafuta. Mafuta ya nyumba ile nayajua. Lakini mimi bado nina aibu naye, na yeye bado ana heshima nami. Alisema mwenyewe mbele ya serikali. Nitawezaje kuivunja?"

Mbuzi akarudi. Mwaka uliofuata akaja mwingine, naye akarudi. Mzee mmoja alijaribu kumsihi, akamwambia, mama, msamehe, ni baba wa wajukuu zako. Akajibu, "Wajukuu nawapenda. Mbuzi mpeleke nyumbani, jua linazama."

Aliishi sana yule mama, mpaka akawa haoni, na bado akisikia kuna baraza anaomba kupelekwa. Alipofariki nilikuwa nimesharudi huku kwetu, nikasafiri kwenda kumzika. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulijibanza chini ya turubai, na nikamwona Nyaga, mzee sasa, suti nyeusi, karatasi ya hotuba imekunjwa vizuri mfukoni. Nikasema moyoni, basi, leo amepata nafasi. Mtu aliyekuwa akimziba mdomo hayupo tena.

Katekista akamwita. Nyaga akasimama, akajikohoza, akapokea maiki. "Mimi mwenyewe," akaanza.

Halafu akaona. Wanja alikuwa amewaambia wabebaji wasiliweke sanduku kando kama ilivyo desturi. Waliliweka mbele kabisa, limeelekea kwenye maiki, na juu yake pale kwenye kichwa Wanja alikuwa ameweka kile kigoda. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya sanduku, mikono imekunjwa, anamtazama mumewe.

Nyaga aligeuka. Kisha akanyoosha maiki nyuma bila kuangalia, katekista akaipokea. Akatoka kwenye turubai, akaenda mpaka kwa nyumba ya marehemu, akaegemea ukuta chini ya paa, na hapo ndipo alipokaa, ananyeshewa, mpaka tulipomaliza kufukia.